Laptopu ya mwanachuo kwa laki 8: mpya ya dukani, ThinkPad ya mtumba au MacBook ya 2017?

Dada wa Isamilo:

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijachanganyikiwa kabisa. Mdogo wangu wa kike kachaguliwa Chuo Kikuu Ardhi kusoma Ukadiriaji Majenzi, anaripoti mwezi ujao, na mimi ndo nimebebeshwa mzigo wa laptopu. Hela niliyonayo laki 8, hiyo ndo mwisho, nimeidunduliza toka mwezi wa tatu kwenye vitenge kwa hiyo mkianza na ongeza kidogo mtakuwa mnanionea tu.

Nimezunguka hapa Mwanza, nimempigia na mtu wangu wa Dar, nimebaki na tatu:

Ya kwanza mpya kabisa ipo kwenye boksi, inchi 15 na ushee, rangi ya fedha inapendeza mno, Celeron N4020, RAM 4, storeji imeandikwa 64GB, waranti mwaka mmoja, laki 6 na 50. Ya pili Lenovo ThinkPad T480 mtumba wa Ulaya, i5, RAM 8, SSD 256, nyeusi tii kama chungu cha mkaa, laki 7 na 20. Ya tatu MacBook Air ya 2017, RAM 8, SSD 128, laki 7 na 80, na hii ndo dogo anayoililia maana rafiki yake anayo.

Shida kubwa ni baba. Mzee kasema mwanae haendi chuo na mtumba, eti yeye alinunua redio ya mtumba mwaka 94 ikamfia mkononi siku ya tatu. Anataka aone boksi na nailoni. Mimi roho inaniambia mpya ina waranti, ila yule mtu wa Dar kaniambia nikiinunua hiyo nisimpigie tena simu. Nisaidieni, na kwa lugha ya kawaida jamani, hayo makori sijui magigahezi mimi siyajui.

bumu_limeisha:

Dada nisikilize mimi maana hiyo ya kwanza nilikuwa nayo. Sio hiyo hiyo ila ndugu yake wa tumbo moja, N4020, 4, 64. Nilinunuliwa na mjomba naingia mwaka wa kwanza, mpya, nikawa nabandua ile nailoni kidogo kidogo isiishe utamu.

Nilikuwa nabonyeza kuwasha naenda kupiga mswaki, narudi bado kiduara kinazunguka. Hiyo 64GB usidhani ni SSD, ile hifadhi ya kasi, ni kitu kinaitwa eMMC, ichukulie kama memori kadi iliyochomelewa kwenye bodi, haitoki haiongezwi. Windows yenyewe inakula nusu kabla hujaweka hata wimbo mmoja. Muhula wa pili ikataka apdeti kubwa, nafasi hakuna, nikafuta picha, nikafuta muvi, nikafuta mpaka vitini vya wenzangu, bado inalia haitoshi. RAM nayo, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa. Yaani siku umeitoa kwenye boksi ndo siku yake nzuri kuliko zote, baada ya hapo ni kushuka tu.

Na hiyo waranti mnayoisifia, nilirudi nayo dukani, kijana akaiwasha, akasubiri, akasubiri, mwisho akaniambia kaka hii haijaharibika, ndivyo ilivyo. Na kweli ilikuwa haijaharibika! Nikaiuza laki 2 na 30 kwa mama wa steshenari, yeye anachapia barua tu, hana neno nayo mpaka leo.

Mfuko Mtupu:

Mnunulie kalkuleta na rula, sisi tumekadiria kwa kalamu na maghorofa yamesimama

bumu_limeisha:

@Mfuko Mtupu yote mkuu? 😂

fundi_bisibisi:

Haya turudi kwenye mada. Mimi natengeneza hizi mashine kila siku, siuzi, kwa hiyo sina masilahi hapa.

Dada, sahau neno mpya na neno mtumba kwa dakika tano. Uliza kitu kimoja, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni namba ngapi. Muuzaji akikwambia "i5" hajakwambia kitu, ni sawa na kukwambia gari ni Toyota. Unataka namba iliyo mbele yake. i5-8350U, hiyo 8 ya mwanzo ndo kizazi cha nane. i5-7300U ni cha saba. i5-10210U ni cha kumi. Kutoka cha saba kwenda cha nane unaweza kuona ni hatua moja tu, kumbe kwenye hizi laptopu nyembamba ndipo Intel walipotoka kori 2 wakaweka 4, yaani kutoka vibarua wawili kwenda wanne kwenye saiti moja. Na Microsoft nao wamechora mstari hapo hapo, Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiacha vichache, na Windows 10 matengenezo yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ndo maana mitumba ya kizazi cha sita na cha saba imemwagika sokoni bei chee, makampuni ya nje yanaitoa. Wewe chukua cha nane kwenda juu.

Kwa hiyo kati ya zako tatu ni T480, sina hata haja ya kuzungusha. Ni ya 2018, ina nafasi mbili za RAM, leo ina 8 kesho akipata hela anachomeka nyingine 8. Ina betri mbili, moja ndani moja nje, ya nje unaichomoa kompyuta ikiwa inawaka na haizimi kwa sababu ya ndani imeshika, kwa umeme wetu huu mtanikumbuka. Ikifa kibodi, inabadilika. Ikifa SSD, inabadilika. Mpaka leo sijaona T480 iliyonishinda ila moja tu iliyomwagiwa uji wa ulezi wenye sukari.

Ila Kariakoo sio peponi, kwa hiyo shika haya.

Kuna T470, pacha wake, sura ile ile kabisa, na ndani yake kuna kizazi cha sita au cha saba. Watu wanauziwa hiyo kwa bei ya T480. Jina limeandikwa kwenye mashine, ila stika zinabandikwa, kwa hiyo angalia tundu la chaja: T470 ina tundu la mstatili lenye rangi ya njano ndani, T480 haina hilo, inachajiwa kwa USB-C tu, ina matundu mawili na yote mawili yajaribu kuchaji. Hili la kujaribu silisemi kwa mapambo. Lenovo walitoa apdeti ya Thunderbolt, yaani lile moja la hayo matundu ya USB-C lenye kasi zaidi, kwa mashine za miaka hiyo, mashine ambayo haijawekewa inaweza siku moja kugoma kuchaji kwa tundu hilo. Na kuna T480s, ile nyembamba zaidi. Sio mbaya ila betri ya nje haina na RAM sehemu imechomelewa, bei isifanane.

Kioo: kuna T480 za kioo hafifu, 1366 kwa 768, ukiinama kidogo rangi zinageuka kama negativu. Mtoto wa michoro ataumia macho, taka 1920 kwa 1080.

Betri: fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, inakutolea faili, lifungue, tafuta uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa kwa kila betri. Ya ndani ikiwa mpya ni mWh elfu 24 hivi, hicho ndo kipimo cha chaji inayobeba, ukikuta 8 elfu punguziwa bei au ondoka.

La mwisho na ndo linaliza watu. Izime, iwashe, bonyeza Enter ikianza kuandika Lenovo, halafu F1. Ikiomba paswedi na muuzaji haijui, irudishe hata kama anakuuzia laki 3. Na kama Windows imewekwa upya, mwambie airisti mbele yako na aiunganishe na intaneti ya simu yako pale pale wakati wa kuseti, maana kuna mashine bado zimesajiliwa kwa kampuni huko zilikotoka, zikishika mtandao zinakukaribisha kwa jina la kampuni na kutaka imeili ya kazini. Bila mtandao hutaiona hiyo mpaka mtoto afike bwenini.

Tufaa Bichi:

Mimi ni mtu wa Mac miaka tisa sasa na nasema usinunue hiyo MacBook. Ni nzuri kushika, kibodi yake tamu kuliko zilizofuata, ila ndani ni Intel ya kizazi cha tano, na mfumo wa mwisho iliopewa ni Monterey wa 2021, zaidi ya hapo Apple haimpi. Miaka minne ya chuo itamkuta programu zinamkatalia moja moja. Hiyo laki 7 na 80 unalipia tufaa lililong'atwa linalowaka kwa nyuma.

Mac ya maana inaanzia Air ya M1, ile ya mwisho wa 2020. Haina feni, kimya kama msikitini saa tisa mchana, betri siku nzima. Ila kwa laki 8 huipati iliyo nzima, ukiipata kwa bei hiyo uliza imetoka wapi na hakikisha iCloud, ile akaunti ya Apple, ya mwenye nayo wa kwanza imetolewa, la sivyo umenunua sinia. Na hata ningempa bure, kozi yake ina Revit huko mbele, programu ya kusanifu majengo, na Revit haipo kwa Mac. AutoCAD, ile ya michoro, ipo, ila wenzake wote watakuwa kwenye Windows na mwalimu atafundisha vitufe vya Windows.

Dogo mwambie tu rafiki yake anasoma nini? Maana kama ni sheria basi ana haki ya kuwa nayo.

Mchanga wa Nyali:

Salaam dadangu. Mimi niko Mombasa, huku hizi twaziita ex-UK, na hilo neno lina faida yake sababu zile za Uingereza zaja na plagi ya pini tatu bapa kama zetu sisi na nyinyi, wachomeka tu. Wewe umesema mtumba wa Ulaya. Ulaya ipi? Kama ni Ujerumani utakuta Z na Y zimebadilishana kiti, kama ni Ufaransa ndo kabisa A haipo pake. Wauzaji wabandika vijistika juu ya herufi, baada ya miezi mitatu vyatoka jasho likivipata, mtoto aandika "kazi" yatoka "kayi". Gusa kibodi kwa ukucha kabla hujalipa.

Pia usijifunge na ThinkPad peke yake. HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 ni watu wa rika moja nayo, RAM zao zaongezeka pia. Hiyo HP ni ya bati, sura ya fedha, ukimpelekea mzee ikiwa imepanguswa vizuri ataipenda kuliko hilo jiwe jeusi. Angalia ile namba ya prosesa kama alivyokwambia fundi, si jina la nje.

mwaka_wa_tatu_QS:

Nipo kwenye kozi hiyo hiyo, acheni niseme kinachotumika kweli maana naona watu wamesharuka mpaka Revit. Mwaka wa kwanza ni Word, Excel, PDF za vitini na PDF nyingine za vitini. Michoro mnaanza kwa mkono, na penseli. AutoCAD inakuja, na hapo hiyo Celeron ndo inaaga dunia, AutoCAD za sasa wenyewe wanataka RAM isipungue 8. Kuipata sio lazima muibe, Autodesk wanawapa wanafunzi bure, unathibitisha kuwa ni mwanafunzi na kila mwaka unahuisha.

Kitu ambacho hamna aliyemwambia ni maus. Bila maus yenye kile kigurudumu cha katikati AutoCAD ni adhabu, unakuza na kusogeza mchoro kwa hicho kigurudumu, kwa padi ya kugusa utalia. Elfu 15 inatosha. Na kwa sisi wa BOQ, ile orodha ya vipimo na gharama za ujenzi, tunaingiza tarakimu usiku kucha, T480 haina zile namba za pembeni kulia. Mimi nilinunua kikibodi kidogo cha namba cha USB, kinakaa mfukoni. Sio cha leo lakini, akifika mwaka wa pili atakuelewa.

Dada wa Isamilo:

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote mara mbili na nyingine nimemsomea dogo kwa sauti, pale kwenye rafiki yake anasoma nini kanyamaza. Kumbe anasoma uandishi wa habari.

Swali, je baba? Maana nikimwambia kori 4 ataniuliza redio yake ilikuwa na kori ngapi.

Mfuko Mtupu:

Nunua T480, halafu omba boksi tupu pale mtaani. Mzee ataka boksi, mpe boksi

Tufaa Bichi:

Usimdanganye mzee, siku akijua hiyo laptopu itasemwa mpaka kwenye send-off. Mpeleke dukani, mwambie awashe ile mpya mwenyewe na asubiri mpaka afungue Excel. Mzee hana subira ya kusimama, kesi itaisha.

Dada wa Isamilo:

Nimerudi na mrejesho, wiki imepita.

Kwanza nilifanya alivyosema Tufaa Bichi. Baba kaja dukani na kanzu yake ya Ijumaa, kijana kaiwasha ile ya demo, mzee kasimama, kaangalia saa, kaulizia kiti. Ilipofunguka akaniambia mwenyewe, "hii ina usingizi". Hakusema tena habari ya mpya, ila na mtumba hakuusifia, akasema mimi simo, fanya unavyojua, lakini nitaikagua.

Basi mtu wangu wa Dar nikamtumia maelezo ya fundi yote, akaenda Kariakoo, tukawa kwenye simu ya video. Duka la kwanza akaletewa "T480" laki 6 na 80, nikasema nioneshe tundu la chaja, kageuza kamera, nikaliona la mstatili, njano ile pale! Nikamwambia kaka hiyo ni 470. Muuzaji kachungulia kwenye simu akauliza huyo dada ni fundi? Akasema ni ile ile tu, i5 ni i5. Tukaondoka. Mimi muuza vitenge, jamani, nilijisikia kama injinia.

Duka la tatu ndo tukaipata. i5-8350U, kioo 1920, kibodi ina alama ya pauni juu ya 3 kwa hiyo Mchanga wa Nyali hiyo ni ex-UK yako. BIOS, ile ya Enter na F1, imefunguka bila paswedi. Tukairisti, ikaunganishwa na bando langu mimi mwenyewe nililomrushia, dakika kama arobaini, haikumtaja bosi yeyote. Betri ya nje ina elfu 21 kati ya 24, ya ndani 13. Kwa hiyo 13 tukalalamika mpaka akashuka kutoka 7 na 20 hadi 6 na 90. RAM nyingine ya 8 elfu 60, wakaifunga pale pale, sasa ni 16. Maus 15, kuituma kwa basi 10. Imebaki elfu 25, dogo kaniambia ni ya kikibodi cha namba, nikamwambia ni ya vocha zangu.

Ina mkwaruzo kwenye kona ya kifuniko, mrefu kama kidole. Na kuna stika ya namba za ofisi ya huko ilikotoka, dogo kaibandua kwa mafuta ya taa, sijui kama amekosea.

fundi_bisibisi:

Hongera sana dada, umenunua vizuri kuliko wanaume wengi ninaowajua. Mafuta ya taa sio mbaya kwa stika ila yasiingie kwenye matundu ya hewa, apanguse na kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu. Hiyo betri ya ndani iacheni, ikishuka sana mwakani mnabadilisha, ni skrubu chache tu. Mwambie asiichajie kitandani juu ya blanketi.

Mzee amesemaje?

Dada wa Isamilo:

Mzee kaikagua kama anavyokagua mbuzi. Kaipindua, kabisha hodi kwenye kifuniko kwa kidole, kachomoa betri ya nje ikiwa inawaka maana nilimwambia inawezekana, kaona haijazima, kairudisha, kaichomoa tena. Mara nne. Akaita na jirani aje aone.

Sasa ameniuliza kitu nimekosa jibu, kile kinundu chekundu kilichokaa katikati ya G, H na B ni cha nini? Anadhani ndo pa kuzimia, hataki mtu akiguse.

fundi_bisibisi:

Hahaha mwambie mzee hicho ni maus, unakisukuma kwa ncha ya kidole mshale unakwenda. Hakizimi kitu. Kikilika kinachomoka, vipya vinauzwa. Ila kama anataka kisiguswe acha kisiguswe, dogo ana maus yake.